Goma: Mtoto anayeziba masikio na kupiga yowe, si kila mara ni ukaidi

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mtaani Majengo mjini Goma. Motari mmoja alipita akapiga honi mara mbili. Mtoto wa kiume wa miaka minne akaachilia mkono wa mama yake, akaziba masikio, akajitupa chini juu ya mawe meusi ya volkeno na kuanza kupiga yowe. Watu wakasimama. Mama mmoja muuza mandazi akasema mtoto huyo anakosa fimbo. Mwingine akauliza kama wamekwisha kumpeleka kwenye chumba cha maombi.

Mtoto huyo ni wa dada yangu. Ninaandika habari hii kama mwandishi, lakini pia kama mama mdogo wake niliyekuwa pale asubuhi hiyo. Niseme ukweli: nilisikia haya mbele ya watu, na nikamvuta mtoto kwa nguvu ili tuondoke haraka. Akalia zaidi.

Nyumbani orodha ya mambo yake ilikuwa ndefu. Alikuwa anakula viazi, wali mweupe na chai; sombe akiiona tu anatapika. Kumnyoa nywele ilikuwa vita ya watu watatu. Shati jipya alilivua kabla ya kufika mlangoni. Jirani akiwasha jenereta, alijificha chini ya kitanda. Lakini mtoto huyo huyo alipenda kuzunguka pale pale mpaka sisi tunaomtazama tukapata kizunguzungu, na alipenda kujigonga kwenye godoro tena na tena. Kila mtu katika jamaa alikuwa na jibu lake. Baba yake alisema ni kudekezwa. Shangazi alisema ni mimba iliyokuwa na matatizo. Mimi, niliyesoma uandishi wa habari chuoni na kufundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini, nyumbani nilikuwa nauliza swali moja tu: nani amemharibu?

Tulichokuwa hatujui ni kwamba watu hawasikii dunia kwa kipimo kimoja. Masikio, macho, pua, ulimi na ngozi hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ndio unaochagua: hii ni ya maana, hii iache ipite. Wewe unayesoma sasa umevaa nguo, lakini ulikuwa huihisi mpaka nilipoitaja. Kuna watoto ambao ubongo wao hauachi kitu kipite. Mshono wa shati unawakwaruza kutoka asubuhi hadi jioni. Honi ya motari inaingia kichwani kama msumari. Na kuna wengine ambao habari zinawafikia kidogo mno, kwa hiyo wanazitafuta: wanaruka, wanagonga, wanatafuna kola ya shati, wanagusa kila kitu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, masikio yakiwa makali na mwili ukiwa na njaa ya kusukumwa. Hivyo ndivyo alivyo huyu wetu.

Zaidi ya zile hisi tano tulizofundishwa shuleni, ziko nyingine mbili zinazosahauliwa. Moja iko ndani ya sikio, nayo inatuambia kama tumesimama wima au tunaanguka. Nyingine iko katika misuli na viungo. Ndiyo inayokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni gizani. Mmarekani Jean Ayres, aliyefanya kazi California na kuwasaidia watoto waliopata shida na kazi ndogo ndogo za kila siku, alieleza mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1972. Tangu hapo wataalamu wameendelea kubishana. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasilifanye tatizo la hisi kuwa jina la ugonjwa wa peke yake, bali watafute kwanza kama kuna jambo jingine nyuma yake.

Jambo hilo jingine mara nyingi ni otizimu. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowafuatilia Marekani, alisema kati yao kuna walioogopa sana kelele na mashini za nyumbani. Hata hivyo ilichukua miaka 70, mpaka 2013, ndipo kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanakitumia kupima magonjwa kikaweka wazi kwamba kuumizwa na sauti, mwanga au mguso, au kutouhisi mguso wenyewe, ni mojawapo ya alama za otizimu. Lakini mzazi asikimbilie neno hilo. Mtoto anaweza kuwa na ngozi kali au masikio makali bila otizimu yoyote. Na hapa kwetu, ambapo watoto wamesikia milio ya risasi na mabomu, wengine wanaruka kwa sababu ya woga waliobaki nao. Swali la kwanza ni hili: alikuwa hivi tangu alipokuwa mdogo, au alibadilika siku fulani? Kama alibadilika ghafla, apelekwe kwenye kituo cha afya bila kungoja. Sikio lenye usaha, jino bovu au malaria pia humfanya mtoto mwenye adabu awe mkali.

Mama anayenisoma ataniuliza: basi hakuna mtoto mkaidi? Yupo, na sisi wote tulikuwa hivyo. Tofauti inaonekana kama ukiangalia vizuri. Mtoto anayelilia biskuti kwenye duka anakuangalia kwa jicho moja aone kama unalegea. Ukimpa, kilio kinakwisha hapo hapo. Mtoto aliyezidiwa na kelele hakuangalii, wala hana anachokuomba. Ukimpa biskuti ataitupa. Hata kelele ikiisha, mwili wake unaweza kuendelea kutetemeka kwa muda mrefu. Kumpiga wakati huo ni kuongeza maumivu juu ya maumivu, na hajifunzi kitu kwa sababu wakati huo hawezi hata kusikia unachosema.

Aliyetufungulia mlango hakuwa daktari. Alikuwa mama yetu, koko wa mtoto, ambaye hakumaliza shule ya msingi. Siku moja jenereta lilipowashwa, alimtoa mtoto chini ya kitanda, akampandisha mgongoni na kumfunga kwa kitenge, amefunga hasa, kama anavyofungwa mtoto wa miezi sita. Dada yangu akalalamika kwamba mvulana wa miaka minne habebwi. Koko hakumjibu, akaendelea kuchagua maharagi yake. Baada ya muda mfupi mtoto alikuwa kimya, shavu likiwa mgongoni mwake.

Baadaye nilisoma habari za Temple Grandin, Mmarekani mwenye otizimu ambaye ni profesa wa elimu ya mifugo katika chuo kikuu cha Colorado State. Alipokuwa kijana, kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona ng’ombe waliokuwa wanabanwa ubavuni na mbao ili wachanjwe, na akaona baadhi yao wanatulia. Yeye ambaye alishindwa kuvumilia kukumbatiwa na watu alijitengenezea mashini ya mbao ya kumbana taratibu, na ikamtuliza. Mguso mwepesi unaweza kumkera mtoto wa namna hiyo, huku ule wa nguvu na wa taratibu ukimpumzisha. Akina mama wa Kivu wana kitenge, hawahitaji mashini. Ila mtoto ndiye anayeamua: akijinyoosha na kutaka kutoka, afunguliwe. Na uso usifunikwe kamwe.

Baada ya siku hiyo tulinunua daftari ya shule, franka chache tu. Kila alipolipuka, dada yangu aliandika saa, mahali, kilichotokea kabla, kilichotokea baada. Wiki ya kwanza ilionekana haina maana. Wiki ya tatu tukaanza kuona. Siku za kanisa zilikuwa mbaya kuliko zote, na sababu haikuwa maombi: tulikuwa tunakaa mbele, karibu na vipaza sauti. Siku za kuoga kwa maji baridi asubuhi zilimalizika vibaya shuleni. Na siku alizobeba kidumu kidogo cha maji kutoka bombani pamoja na dada yake mkubwa, alikuwa mtulivu mpaka mchana, kwa sababu misuli ilikuwa imepata kazi. Tulihamia benchi ya nyuma kanisani. Shati jipya sasa linafuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, na kile kitambaa kidogo cha kwenye kola kinakatwa. Nywele anakatwa kwa makasi, amekaa mapajani mwa baba yake, mashini imezimwa. Sombe bado hali. Imewekwa kwenye sahani ya pembeni, anaiangalia, hatumlazimishi.

Sikuandika haya ili kusema kila kitu kimepona. Kuna siku anarudi kuwa kama zamani na dada yangu analia jikoni.

Kinachonitia hofu ni watoto ambao hawana koko wa namna hiyo. Katika miji yetu mtoto anayepiga yowe bila sababu inayoonekana, asiyelala usiku, asiyependa kuguswa, anaweza kuitwa mchawi kabla hajaitwa mgonjwa. Anafungiwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula, mara nyingine anafukuzwa nyumbani. Wazazi wajue kwamba kipengele cha 41 cha katiba ya mwaka 2006 kinakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, katika kipengele cha 160, inaweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Haijali kama aliyesema ni mchungaji, jirani au baba mzazi.

Msaada si mwingi, ila upo. Mzazi aanzie kwa daktari wa watoto na aombe masikio na macho yapimwe, kwa kuwa mtoto asiyeitika huenda hasikii. Kwa maswali ya akili na tabia, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, vyote chini ya Ndugu wa Upendo, yaani Frères de la Charité. Watu wanaviita vituo vya wendawazimu na wanaona haya kuonekana mlangoni. Dada yangu naye aliona haya, akaahirisha safari mara mbili. Ukienda, beba ile daftari. Daktari anakuona kwa dakika chache, lakini yale maandishi yanamsimulia wiki nzima.

Shule ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ile ya kwanza ya watoto wadogo ilimrudisha mtoto nyumbani kabla ya muhula kwisha, na karo haikurudishwa. Ya pili ilikubali baada ya dada yangu kukaa na mwalimu na kumsomea kurasa chache za daftari. Mwalimu ana watoto wengi darasani na hakuahidi miujiza. Alikubali mambo mawili: mtoto afike dakika kumi kabla ya wengine, uwanja ukiwa bado kimya, na akae karibu na mlango, siyo katikati.

Wiki iliyopita motari alituchelewesha njiani, kengele ikalia tukiwa bado kwenye ngazi. Aliziba masikio, akamtazama mwalimu, akangoja iishe. Kisha akaingia.