Kabla ya kuchimba msingi, tazama jua

Si ajabu mjini Songea, saa nane mchana na jua linawaka, kumkuta mwanafunzi anasomea taa. Chumba chake kiko kwenye korido ya kati. Dirisha ni moja, tena dogo, na limetazamana na ukuta wa jirani ambao ukinyoosha mkono unaugusa. Wenzake wanne wa chumba wanachangishana hela ya umeme wa Luku, wakilipia mwanga ambao nje umejaa tele.

Wanaosoma vyuo vya ualimu, afya na ufundi wengi hupanga mitaani, Bombambili, Lizaboni au Matogoro. Wenye nyumba wanajenga kwa kufuata barabara: mbele ya nyumba itazame njia, basi. Tangu mji ulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 na kuachana na majenereta ya dizeli, taa zinawaka kwa uhakika zaidi, na dirisha limezidi kusahauliwa.

Lakini jua la Songea lina utaratibu wake. Mji uko nyuzi 10 na zaidi kusini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni, baridi inapouma, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 56 hivi. Oktoba, joto linapopamba moto, linakuwa utosini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini huingiza jua wakati wa baridi, na wakati wa joto hukingwa na paa lenyewe. Dirisha la magharibi halina fadhila hiyo: jua la alasiri huingia kimshazari, likaumiza macho na kukipasha chumba joto hadi usiku.

Ndiyo maana hosteli inafaa ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, vyumba vikiwa mstari mmoja na baraza upande wa pili. Hapo kila chumba kinapata madirisha kwenye kuta mbili, na hewa inaingia huku ikitokea kule. Hilo si jambo dogo kwenye chumba chenye vitanda vya deka, katika nchi ambayo bado inabeba mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Ndani nako kuna kazi. Mwanga wa dirisha hufaa kusomea hadi umbali wa karibu mara mbili ya kimo cha linta, yaani boriti ya juu ya dirisha. Linta ikiwa mita 2 kutoka sakafuni, meza isizidi mita 4 kutoka dirishani. Ukuta na dari vipakwe rangi nyeupe ili mwanga usambae. Madirisha ya alumini ya kusukuma yanapendeza, ila hufunguka nusu tu, kwa hiyo yawe mapana zaidi. Matofali ya kuchoma, ambayo hapa mkoani Ruvuma tunayo, hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Bati lisilo na dari chini yake hulipoteza lote mara jua linapozama, na mwanafunzi analala na sweta.

Kugeuza jengo litazame kaskazini hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji, ilimradi kuamuliwe siku fundi anapopiga vigingi na kuvuta kamba. Ukuta ukishasimama, hakuna wa kuugeuza. Manispaa inayotoa kibali cha ujenzi inaweza kuuliza swali moja tu juu ya ramani: chumba hiki kinapata wapi mwanga na hewa?

Na mzazi anayekwenda kumpangishia mwanawe asiishie kuulizia maji na choo. Aende mchana, azime taa, afunge mlango, afungue kitabu. Akishindwa kusoma mstari, ashike kodi yake akatafute chumba kingine. Wenye nyumba wataelewa haraka.