Kutazama Somo la Mwenzio

Ndugu Walimu,

Hapa Busisi watoto wengi huanza shule wakisema Kisukuma au Kizinza. Mtoto anayenyamaza kipindi kizima cha Kiswahili hutoka kama alivyoingia.

Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawataka walimu wajifunze wao kwa wao shuleni. Basi, ukitazama somo la mwenzio, keti nyuma, usimkatize. Andika ni watoto wangapi waliosema, na baada ya kuuliza mwalimu alingoja kwa muda gani.

Siku ile ile zungumzeni faraghani. Kwanza mwulize yeye aliona nini. Kisha mwonyeshe hesabu yako, mchague jambo moja tu la kutengeneza. Juma lijalo rudi ukalitazame hilo.

Kwaherini.