Mukuba bila safu: ordinatere inatafuta fasi ya kupasukia

Kila mchimbaji anajua: mbele ya udongo kuanguka, mara nyingi kuko alama. Muti unalia, mawe madogo yanashuka, na mwenye masikio anatoka mbio. Lakini kuko metali isiyotoa alama. Inabeba uzito, inabeba, halafu inapasuka mara moja. Inaitwa kioo cha metali. Moja ya zile zinazochunguzwa sana inatengenezwa na mukuba, sawa ule tunaochimba huku Katanga, pamoja na zirkoniumu.

Katika mukuba wa kawaida, atomu zinakaa kwa safu, sawa matofali ya ukuta. Kasoro inaonekana: tofali moja haiko, ao safu moja inakatikia njiani. Pale safu inakatikia njiani njo safu zinateleza, na mukuba unakubali kupindwa bila kuvunjika.

Mwaka 1960, huko California, Pol Duwez na wenzake waliyeyusha dhahabu na silisiumu, wakaipoza mbio sana, karibu digrii milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata wakati wa kujipanga. Zikabaki sawa lundo la mawe.

Sasa, kwenye lundo, utasema jiwe gani haliko kwa fasi yake? Njo pale ordinatere inasaidia. Inapewa atomu maelfu na maelfu za mukuba na zirkoniumu. Inahesabu namna kila moja inavuta ao kusukuma jirani yake, inazisogeza kidogo sana, halafu inahesabu tena, mamilioni ya mara.

Imeonekana hivi: pale atomu ya mukuba imezungukwa vizuri na jirani 12, fasi ni nguvu. Pale mpango huo ni haba, makumi ya atomu yanateleza pamoja. Mitelezo hiyo ikiungana kwa mstari mmoja, metali inapasuka.

Lakini ordinatere inapoza mbio kupita tanuru ya kweli. Juu ya hiyo, matokeo yake yanapimwa tena kwa metali yenyewe.

Baba na mama, mukuba wetu unaenda mbali, na wengine njo wanauhesabu. Kazi hiyo haiombi mabega. Inaomba matematike na fizike. Mtoto anayependa masomo hayo, musimutoe kwa masomo juu ya kusomba mawe.