Jina Moja, Dawa Mbili: Utendaji wa Antihistamini na Kotikosteroidi katika Kutuliza Dalili za Mzio

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "dawa ya mzio" au "dawa ya aleji" hutumika kutaja kidonge cha kutuliza mwasho, dawa ya kupulizia puani na hata krimu ya kupaka kwenye ngozi. Jina hilo moja linaficha tofauti muhimu. Makala haya yanafafanua namna makundi mawili ya dawa hizo, yaani antihistamini na kotikosteroidi, yanavyofanya kazi, na kuonesha kwa nini kutoyatofautisha kunaweza kumdhuru mgonjwa.

Kwa asili, mzio ni kitu, hasa chakula, ambacho mtu amekatazwa kukila kwa sababu ya mila au afya. Katika tiba, neno hili hurejelea hali ambapo kinga ya mwili hupambana na kitu kisichowadhuru watu wengi, kama vile chavua, vumbi au karanga. Mwili wa mtu mwenye mzio hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli maalumu zilizomo katika ngozi, pua na mapafu. Mtu huyo anapokutana tena na kitu hicho, seli hizo hutoa kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa histamini. Histamini inapofika kwenye vipokezi vyake, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha majimaji, na neva huchochewa. Hapo ndipo hutokea mwasho, chafya, kamasi na vipele.

Antihistamini hukalia vipokezi hivyo, hivyo histamini hukosa nafasi. Kwa kuwa kazi yake ni kuziba njia tu, nafuu huonekana mapema, mara nyingi ndani ya saa chache. Daniel Bovet, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa dawa hizi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Antihistamini za zamani, kama klorofeniramini, huingia katika ubongo na kuleta usingizi, jambo la hatari kwa dereva au fundi wa mashine. Za baadaye, kama loratadini na setirizini, huingia huko kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, antihistamini haizuii kemikali nyingine za mzio. Ndiyo maana pua iliyoziba kwa muda mrefu huweza kubaki imeziba ingawa chafya zimekoma.

Kotikosteroidi huiga kortizoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Dawa hizi huingia ndani ya seli na kubadili utendaji wa jeni, hivyo kupunguza utengenezaji wa kemikali nyingi zinazoleta uvimbe na wekundu. Mabadiliko hayo huhitaji muda. Dawa ya kupulizia puani huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kufikia nguvu yake kamili. Mgonjwa anayeipuliza mara moja na kuiacha kwa kudhani kwamba haifai huwa ameihukumu kabla ya wakati wake.

Upana huo wa utendaji ndio pia chanzo cha madhara. Vidonge vya prednisoloni vikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kudhoofisha mifupa na kupunguza kinga. Kuviacha ghafla baada ya wiki nyingi ni hatari, kwa kuwa tezi huwa zimepunguza kutengeneza kortizoli yake. Vilevile, krimu kali kama klobetasoli, ambayo wengine huipaka ili kujichubua, hufanya ngozi kuwa nyembamba. Ikipakwa kwenye fangasi, hutuliza mwasho huku fangasi wakiendelea kuenea.

Aidha, hakuna kundi kati ya haya mawili linalotosha katika mshtuko wa mzio, ambapo koo huvimba, pumzi hubana na shinikizo la damu hushuka. Tiba ya kwanza hapo ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na mgonjwa afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Hivyo basi, kumwambia mgonjwa "hii ni dawa ya mzio" hakutoshi. Anahitaji kuelezwa dawa hiyo inazuia nini, nafuu itegemewe lini, itumike kwa siku ngapi na iachwe kwa utaratibu gani.