Wainuiti wa Greenland na Nia ya Kujitawala

Fungueni ramani ya dunia. Juu kabisa kaskazini mtaona kisiwa kikubwa kuliko vyote, Greenland. Kinaizidi Tanzania zaidi ya mara mbili, lakini watu wake hawafiki 60,000, kwani sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na barafu. Karibu tisa katika kila kumi ni Wainuiti, na nchi yao wanaiita Kalaallit Nunaat.

Utawala wa Denmark ulianza na mmisionari Hans Egede, aliyefika mwaka 1721. Kisiwa kilikuwa koloni hadi 1953, kisha kikafanywa sehemu ya Denmark. Mtu atauliza: kama walipewa uraia, wanadai nini tena?

Sisi tulio walimu tunaanzia kwa watoto. Mwaka 1951 watoto 22 walichukuliwa kwa wazazi na jamaa zao wakapelekwa Denmark, wafundishwe Kidenmark na malezi ya huko, ili baadaye wawe mfano kwa wenzao. Sita walibaki huko, wakalelewa na familia za Kidenmark. Waliobaki 16 walirudishwa mwaka uliofuata, lakini si majumbani kwao. Waliwekwa katika nyumba ya yatima. Wengi walikuwa wameisahau lugha yao. Hebu fikirini, mtoto anakutana na mama yake na hana neno la kumwambia! Denmark iliomba radhi mwaka 2020, wakati wengi wao walikwisha kufa.

Basi madai yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1979 walipata serikali ya ndani na bunge lao. Mwaka 2008 watu 75 katika kila 100 waliopiga kura walitaka madaraka zaidi, na sheria ya 2009 ikaifanya Kikalaallisut kuwa lugha rasmi. Sheria hiyo inasema pia kwamba uamuzi wa kuwa nchi huru ni wa watu wa Greenland wenyewe, ingawa mapatano ya kuachana lazima yaridhiwe na Bunge la Denmark.

Mlango uko wazi, mbona hawajatoka? Tatizo ni mfuko. Karibu nusu ya matumizi ya serikali yao hutokana na ruzuku ya Denmark, na wanachouza nje ni samaki na kamba hasa. Katika uchaguzi wa Machi 2025 chama cha Demokraatit, kinachotaka kujenga uchumi kwanza, kiliongoza; Naleraq, kinachotaka uhuru haraka, kikawa cha pili. Lakini Rais Trump wa Marekani aliposema anakitaka kisiwa hicho, viongozi wa vyama vyote bungeni walikataa kwa sauti moja.

Na kijana wa Nuuk anayetaka kuwa daktari hana budi kwenda kusoma ng'ambo. Wengi huenda Denmark, na huko masomo ni kwa Kidenmark.