Ndizi Mbivu za Tui Katika Kipupwe

Kipupwe kimeingia. Upepo wa kusi wavuma, alfajiri zina ubaridi, na watoto hurudi chuoni wakitamani kitu cha moto. Nasi twaona ndizi mbivu zilizopiga weusi zikitupwa jaani, ilhali hizo ndizo bora kwa tui. Hiyo ni israfu, na israfu tumekatazwa.

Mama zetu, twaaeni ndizi 4 za mkono wa tembo zilizoiva barabara. Zimenyeni, zipasueni kwa urefu, mzitoe nyuzi za kati. Kuneni nazi 1, na tui zito mliweke kando. Zipangeni ndizi sufuriani, mtie tui jepesi, iliki 5 zilizotwangwa, kijiti cha mdalasini na chembe ya chumvi. Zichemke kwa moto mdogo, dakika 15 hivi, hata zilainike. Ndipo mmimine tui zito, mkiitikisa sufuria taratibu pasi na kukoroga, lisije likakatika na ndizi zikapondeka.

Na sukari je? Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari. Basi onjeni kwanza. Huenda kijiko 1 kikatosha, au kisihitajike. Mwenye maradhi ya kisukari naye asidhani ameokoka kwa kuwa sukari haikutiwa. Utamu wa ndizi ungalimo. Tumpakulie kidogo, kwa upendo, bila kumtenga na wenziwe.

Kisha bakuli moja lifunikwe, lipelekwe kwa jirani, hasa mkongwe aishiye peke yake. Ubaridi wa kipupwe humfikia yeye kwanza.