Heshima na Jina katika Riwaya ya *Clarissa* ya Samuel Richardson

Katika riwaya za Kiingereza za karne ya 18, heshima ya mwanamke hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani yake mna mambo mawili: jina alilo nalo mbele ya watu na uadilifu wa dhamiri yake. Aghalabu msuko huyafunga pamoja. Katika *Pamela* (1740), Richardson anamsawiri mtumishi wa miaka 15 anayemkatalia bwana wake hadi bwana huyo anamwoa. Henry Fielding aliijibu kwa tashtiti: katika *Shamela* (1741) binti huyohuyo ni mjanja anayeuza ubikira wa kujifanya kwa bei ya ndoa. Dhihaka hiyo ni kali, hata ya kikatili, lakini swali lake ni la haki: wema unaolipwa kwa cheo na mali unatofautianaje na biashara?

*Clarissa* (1747–1748) inaweza kusomwa kama jibu la swali hilo. Clarissa Harlowe amerithishwa shamba na babu yake, jambo linalochochea wivu wa kaka na dada yake. Familia inamshurutisha aolewe na Solmes kwa ajili ya mali. Anapotoroshwa kwa hila na Lovelace, jina lake linaharibika kabla hajatenda lolote. Lovelace anamweka London katika nyumba ambayo kumbe ni danguro, anamlewesha kwa dawa, kisha anambaka. Hesabu yake ni kwamba mwanamke aliyevunjiwa heshima hana budi kumkubali aliyemvunjia, maana ndoa pekee ndiyo itakayomsitiri. Kinachoshtua zaidi ni kwamba jamaa za Lovelace wanaomhurumia Clarissa nao wanapendekeza ndoa hiyohiyo, na hata Anna Howe, rafiki yake wa chanda na pete, anamsihi akubali.

Clarissa anakataa. Kwa kuwa hiari yake haikushiriki, haoni doa la kufichwa. Kuolewa na Lovelace ndiko kungemshirikisha katika uovu ule. Hata hivyo, halipuuzi jina lake. Riwaya hii ni ya barua, haina msimulizi maizi, na sifa ya mhusika hujengwa na kubomolewa na kalamu za wengine. Ndiyo maana, kabla ya kufa, anataka barua zikusanywe zimtetee, na anamteua Belford, rafiki wa Lovelace mwenyewe, kuwa msimamizi wa wosia wake.

Juzuu zilipokuwa zikitoka kwa awamu, baadhi ya wasomaji walimwomba Richardson awaoze wawili hao. Alikataa. Lau angalikubali, hesabu ya Lovelace ingalikuwa sahihi.